Bunduki Iliyomzidi Mikono

Binti yangu alirudi kutoka kwa baba yake Ijumaa jioni, akaingia jikoni na mkoba bado mgongoni, akanambia, "Mama, Baba ataninunulia bunduki."

Nilikuwa napindua chapati. Nikaiacha ikaungua upande mmoja.

"Bunduki ya nini?"

"Ya kuwindia swala. Ya kwangu mwenyewe."

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mfupi kuliko wenzake wote darasani. Sare ya skuli nilikuwa bado naipunguza mikono. Nilimtazama, nikazima jiko, nikachukua simu.

Hapa Omani swala hawawindwi, sheria inawalinda, na hata baba yake hathubutu. Lakini kila mwaka, likizo ya baridi ikifika, yeye na marafiki zake husafiri hadi Afrika Kusini, kwenye shamba la mtu mmoja ambako uwindaji ni halali na hulipiwa. Hurudi na picha nyingi na hadithi zinazorefuka kila zinaposimuliwa. Mwaka huo alikuwa amemwambia binti yetu kwamba atakwenda naye.

"Umemuahidi mtoto bunduki?" nilimuuliza alipopokea.

"Kwanza asalaam alaykum."

"Alaykum salaam. Umemuahidi mtoto bunduki?"

"Anapiga vizuri huyu. Ana jicho. Karatasi zote pale uwanjani anazitoboa katikati. Unataka nimfiche?"

Kwamba Ijumaa alikuwa akipelekwa kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji nilikuwa najua, na nilikuwa nimeridhia. Alikuwa akipiga kibunduki cha risasi ndogo, kile wanachoanzia watoto, na mkubwa akiwa karibu.

"Na huko shambani hawana bunduki za kukodi?"

"Zipo. Lakini bunduki ya kuazima ni kama meno ya kuazima."

"Nani atamchagulia?"

"Mimi. Nani mwengine?"

Niseme wazi kwamba bunduki yenyewe haikuwa shida yangu. Nyumbani kwa baba yangu ilikuwepo moja, ilikaa kabatini chini ya kufuli, na kwenye harusi za kwetu wanaume hucheza nazo na hakuna anayeshtuka. Shida yangu ilikuwa mtoa ahadi. Niliishi na mwanamme yule miaka tisa kabla hatujaachana. Ahadi kwake ni kama peremende: anazo tele mfukoni, na mtoto yeyote akipita anampa. Nikamwambia, "Ukienda kununua, na mimi nitakuwepo."

"Njoo," alisema. "Utabeba risasi."

Duka lilikuwa Ruwi, hapa Maskati, katikati ya duka la vipuri vya magari na duka la vifaa vya uvuvi. Jumamosi ya wiki iliyofuata tulifika mapema. Binti yangu alivaa suruali ya rangi ya mchanga na viatu vya kupandia milima ambavyo hakuwa amevivaa tangu alivyonunuliwa. Nywele alizifunga mwenyewe, akazibana mpaka macho yakamvutika. Tukakaa kwenye viti vya plastiki karibu na mlango. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, alituletea maji, akatupa heshima zote, kisha akatuacha. Alikuwa anamngoja baba mtu, kama sisi.

Baada ya muda mrefu ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu ya mtoto. Aliusikiliza mara ya kwanza sikioni, mara ya pili akaufungulia ili na mimi nisikie: "Mamaa, Baba kakwama leo. Wiki ijayo, inshallah. Usikasirike."

"Kakwama," binti yangu akanambia, utadhani mimi sikusikia. Akaanza kunieleza kazi za baba yake zilivyo nyingi. Nikampeleka Matrah akale mishikaki mbele ya bahari, nikamnunulia na juisi, akala vizuri na hakusema tena neno la bunduki. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Wiki ya pili alikuja. Alichelewa, lakini alikuja: kanzu nyeupe imepigwa pasi, manukato yalitangulia, akamsalimia kila mtu dukani hadi fundi aliyekuja kutengeneza kiyoyozi. Muuzaji aliinuka uso ukamng'aa. Kwa nusu saa walizungumza wao wawili kwa Kiarabu: mtutu wa wapi, chuma cha wapi, nani kaua nini kwa umbali gani. Mtoto alisimama kati yao akigeuza kichwa huku na huku. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mwisho baba yake akanyoosha kidole juu kabisa ya rafu. "Ile. Kama yangu."

"Hii," muuzaji alisema akiishusha kwa mikono miwili, "inaangusha hata nyumbu."

"Mtoto hawindi nyumbu," nikasema.

Muuzaji alimjibu baba mtoto. "Ukiwa na nguvu ya ziada hujuti."

Wakampa binti yangu aishike. Kitako kilikuwa kirefu mno. Badala ya kukaa begani kilimpita chini ya kwapa, shingo akainyoosha mbele kama kuku anayekunywa maji ili jicho lifike kwenye darubini. Mdomo wa mtutu ukaanza kushuka, akauinua, ukashuka tena.

"Naiweza, Baba," alisema kwa sauti nyembamba.

"Kitako kirefu," nikasema. "Mikono haimfiki."

"Atakua."

"Swala atamngoja akue?"

Muuzaji alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akakohoa. Baba mtoto alinigeukia, taratibu, kwa ule upole wake ninaoujua, upole wa mbele za watu.

"Wewe umewahi kupiga bunduki?"

"Sijawahi. Lakini najua mkono wa mwanangu unaishia wapi."

"Basi ni kama kiatu. Unamnunulia mtoto kinachomzidi kidogo, kimdumu. Hamfanyi hivo nyie wanawake?"

Nikafungua mdomo nimjibu, simu yake ikalia. Akatoka nje. Nilimwona kupitia kioo akitembea mbele ya duka la vipuri, mkono mmoja hewani. Aliporudi alikuwa na haraka. Akamwambia muuzaji, "Niwekee hiyo hiyo," akambusu mtoto kichwani, akaondoka.

Ndani ya gari binti yangu hakufunga mkanda mpaka nilipomwambia mara tatu. Kisha akasema akitazama nje, "Mama, wewe unaharibu kila kitu."

Nilikuwa na majibu mengi sana, na yote yalikuwa ya kumpelekea mtu mwengine.

Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na mke wa baba yake. Walikuwa wameoana kama miaka mitatu, na kati yangu na yeye hapakuwa na ugomvi wala urafiki, palikuwa na salamu za mlangoni. Ni Muomani kama sisi, lakini watu wake walikaa Tabora vizazi vingi na wao walirudi mwishomwisho, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha bara. Mama yangu husema anazungumza kama redio. Binti yangu humwita Khaala, yaani mama mdogo.

"Dada, samahani kukusumbua," alisema. "Nimesikia habari za ile bunduki ya dukani. Ile siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo ya mtoto. Mume wangu anayo kama hiyo na mimi mwenyewe siipendi. Naomba twende sisi wawili na mtoto, tumtafutie inayomfaa."

Neno "dada" lilikuwa linanikera, na kwamba tulikuwa tumefikiria kitu kimoja kulinikera zaidi. "Na wewe umejulia wapi mambo ya bunduki?"

"Dada, kwani unafikiri kule uwanjani anayemfundisha ni nani?"

Nilikaa kitandani. Mwaka mzima nilikuwa nikiamini ni baba yake. Kila Ijumaa jioni mtoto alirudi akisema, "Baba kaniambia nivute pumzi hivi," "Baba kasema nina jicho." Kumbe Baba, kwa maelezo ya mkewe, ambaye hakuyasema kwa ubaya, alikuwa anakaa kivulini na wenzake wakinywa kahawa, mara mojamoja anakuja kutazama karatasi na kumsifu. Kazi yote ilikuwa ya huyu mwanamke. Na mwanangu, kila wiki, alikuwa akiweka jina la Baba pahala pa la Khaala. Sikumuuliza kwa nini, maana nilikuwa najua. Alitaka niamini kwamba baba yake anampa muda wake.

"Njoo Jumatano baada ya skuli," nikasema.

Alikuja na gari lake kubwa, akatuchukua. Mtoto alikaa nyuma, kimya, macho yakienda kwangu na kurudi kwake, kama mtu aliyekuta walimu wake wawili sokoni. Kati ya Madinat Sultan Qaboos na Ruwi kulikuwa na foleni, na foleni ile ilitulazimisha kuzungumza.

Khaala alinieleza kwamba baba yake mzazi alikuwa mfanyabiashara Tabora na alikuwa na kibali cha kuwinda. Kaka zake wote walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo aliyebaki wa kufuatana na mzee porini alikuwa yeye. Swala wake wa kwanza alimpiga akiwa mkubwa kidogo tu kuliko binti yangu, kwa bunduki ya mzee, ndefu na nzito.

"Nilimpata," alisema. "Lakini ilinipiga hapa," akagusa mfupa chini ya shingo, "na tangu siku hiyo nikawa nafumba macho kabla ya mlio. Miaka, dada. Mpaka leo nikishika nzito nafumba. Sitaki na yeye afumbe."

Nikatazama mbele. Nilitaka kumchukia kidogo, hata kwa safari hiyo moja tu, na alikuwa hanipi nafasi.

Dukani muuzaji alituamkia, akachungulia nyuma yetu. "Baba yake yuko wapi?"

Mwenzangu akaweka leseni yake juu ya meza ya kioo. Mtoto hamiliki silaha. Huandikwa kwa jina la mkubwa, na mkubwa mwenye leseni siku hiyo alikuwa yeye. Muuzaji aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii ni yako?"

"Picha ni yangu."

Basi akaanza kushusha bunduki. Kila moja, Khaala aliifungua kwanza, akatazama kwamba haina kitu, akamfanya mtoto naye atazame na atie kidole ahakikishe. Ndipo akamwambia, "Funga macho. Inue begani kama ulivyozoea. Sasa fungua. Unaona nini?"

"Kiza."

"Basi siyo yako. Irudishe."

Ya pili, kiza. Ya tatu ilikuwa fupi, ya nne fupi zaidi, na bado mtoto akifungua macho anaona kiza, kisha analaza kichwa juu ya kitako mpaka shavu linakunjamana. Muuzaji alianza kupumua kwa pua. Khaala naye alionekana kuchoka.

"Mbona kichwa unakilaza? Kila siku nakwambia, shingo wima."

"Ni jicho la kushoto," nikasema.

Wote watatu wakanigeukia.

"Tangu mdogo. Akichungulia tundu la ufunguo, jicho la kushoto. Akishika kamera, la kushoto. Mkono wake ni wa kulia, lakini jicho analotumia ni la kushoto. Anapeleka kichwa upande wa pili kulifuata jicho."

Khaala alimwambia mtoto anyooshe kidole kwenye mtungi wa kuzimia moto ukutani, macho yote mawili wazi, kisha afumbe la kushoto. "Kidole kimehama," mtoto akasema. Afumbe la kulia. "Kimebaki pale pale."

"Subhanallah. Mwaka mzima!" Khaala alijipiga paja. "Mwaka mzima nadhani ana uvivu wa shingo!"

Sitasema uongo, nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, ya choyo, na haikudumu. Maana muuzaji alitueleza kwamba bunduki zote zile za kukoki, mkono wake wa chuma wa kukokia upo kulia. Mtoto akiiweka bega la kushoto, upande wa jicho lake, itabidi apitishe mkono juu kila risasi. Za mkono wa kushoto huagizwa, na kuagiza ni miezi. Likizo ilikuwa karibu. Tukasimama pale, wanawake wawili wazima, tukitazama rafu iliyojaa bunduki ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya mtoto wetu.

Muuzaji alikwaruza ndevu. Akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko, akarudi na bunduki fupi yenye mchubuko kwenye kitako. Mtu aliinunua akairudisha. Ilikuwa inakunjika katikati, unatia risasi moja, unaifunga. Haikuwa na mkono wa chuma upande wowote.

Mtoto alifunga macho, akaiinua bega la kushoto. Akafungua.

"Naona duara zima," alisema. Shingo ilikuwa imesimama wima. Mtutu haukutikisika.

Khaala akanitazama, nami nikamtazama. Kisha binti yangu akaiweka bunduki ile juu ya kioo, haraka, kama sufuria ya moto.

"Siitaki."

"Kwa nini?"

"Ya risasi moja. Ya kitoto. Baba atacheka."

"Baba hatawinda na hii," nikamwambia. "Utawinda wewe."

"Inamtosha swala kabisa," Khaala akasema. "Kaliba yake ni nzuri, haipigi teke sana, unaweza—"

"Siitaki! Nyie nyote wawili hamtaki nifanane na Baba!"

Hapo subira ilinikatika. Yote niliyoyabana tangu ile Jumamosi ya kwanza yalitoka pale, kwa sauti ambayo mwenye duka la vipuri bila shaka aliisikia. "Baba yako yuko wapi? Eh? Tazama huku, tazama na huku. Umemuona?"

Muuzaji alianza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. Mtoto hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu na akayaacha yashuke. Khaala alivuta pumzi, akamwambia muuzaji, "Andika. Tunaichukua."

"Hajasema anaitaka," nikasema.

"Haitaki leo, dada. Leo mpe haki yake asiitake."

Bunduki ikaenda kwenye kabati la chuma nyumbani kwake, na hata usiku wa manane haujafika, baba mtoto akanipigia. Hakusalimu. Nimemuaibisha. Nimemgeuzia mkewe. Mwenye duka ni rafiki yake, sasa atamtazama vipi? Na mtoto wake, mtoto wa ukoo wa watu, aende mbele ya marafiki zake na kibunduki cha kukunjika?

"Umeshamuona akiishika?" nilimuuliza.

"Sihitaji kumuona."

Wiki ile ile akainunua ile kubwa.

Ijumaa iliyofuata Khaala alinialika uwanjani, nami kwa mara ya kwanza nikaenda. Ni mahali pakavu, vilima vya kahawia vimepazunguka, na banda la mabati la kivuli. Marafiki zake baba mtoto walikuwepo, wanne au watano, wamekaa kwenye mkeka na birika la kahawa na tende. Bunduki mpya ilikuwa imelazwa juu ya meza, juu ya kitambaa, kama maiti ya mtu mkubwa. Walikuwa wameshaisifu vya kutosha.

"Njoo, mamaa," alimwita binti yetu. "Waonyeshe ammi zako."

Mtoto alitembea kuelekea mezani. Niliona mabega yake yalivyopanda. Miguu yangu ikamtangulia.

"Nipe mimi kwanza," nikasema.

Baba mtoto akacheka. "Wewe?"

"Mimi. Mikono yangu mirefu kuliko yake. Kama inanifaa mimi, tutajua na yeye atakuwa vipi akikua."

Hakuwa na jinsi ya kukataa mbele ya watu. Khaala alinikalisha, akanivisha vizibo vya masikio, akaniwekea mto wa mchanga chini ya mtutu. Aliniinamia karibu sana, akasema, "Ibane begani kwa nguvu, dada. Usiipe nafasi." Nikaibana. Nikatazama karatasi kule mbali, ndogo kama stempu, nikavuta kifyatulio.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka kwamba nilisogezwa, kiti na vyote, na kwamba bega lilikufa ganzi halafu likaanza kuwaka moto, na macho yakajaa machozi ambayo sikuyaita. Karatasi haikuguswa. Wanaume walicheka, si kwa ubaya, kile kicheko cha kuona mtu mzima kateleza.

"Umeona?" baba mtoto akasema. "Umepiga!"

"Sikupiga," nikasema. "Nimepigwa."

Binti yangu alinitazama bega, akanitazama uso. Baba yake akampa ishara aje. Akasogea, akaweka mkono juu ya kitako, akauondoa.

"Baba," alisema, na sauti ile ile nyembamba ya dukani, "itaniumiza."

Nilimwomba Mungu ampe mwanamme yule neno moja zuri tu. Alikuwa nayo mengi sana siku zote. Alimshika mtoto kidevu, akamwambia kwa upole, kila mtu akisikia, "Basi, mamaa. Hujawa tayari. Mwaka huu tusiende, tutangoja ukue."

Aliposema "tusiende" alikuwa na maana ya "usiende". Yeye alikwenda na rafiki zake kama kawaida. Binti yangu alibaki Maskati, na kwa siku nyingi alinijibu kwa neno mojamoja. Jioni moja nikijipaka dawa begani, pale palipogeuka zambarau, alisimama mlangoni akasema, "Ungeniacha nipige tu. Ingeumiza mara moja, na sasa hivi ningekuwa huko."

Huenda alikuwa na haki. Yule baba alikuwa huko kwenye nyasi na wenzake, na mimi ndiye niliyekaa na hasira za mtoto, na bega bovu, na haki ambayo hainisaidii kitu.

Aliyefanya jambo ni Khaala. Hakutangaza. Ijumaa ziliendelea, sasa kwa bega la kushoto na bunduki ya mchubuko, na mtoto alikwenda kwa kununa, kisha bila kununa, kisha akawa anakaa tayari mlangoni kabla gari halijafika. Karatasi alizoleta nyumbani sasa zilikuwa na tundu moja kubwa lililochanika katikati. Na siku moja alinambia, huku akitafuta kitu kwenye friji ili asinitazame, "Khaala anasema pumzi nivute nusu tu." Alisema Khaala. Nikajifanya nakosha vyombo.

Likizo iliyofuata Khaala alizungumza na kaka yake anayeishi Afrika Kusini, wakapanga na mwenye lile shamba, akafuatilia karatasi za kusafirisha silaha, ofisi hii na ile, mpaka zikakamilika. Baba mtoto alipoulizwa alijibu, "Fanyeni mnavyotaka." Mimi niliwasindikiza uwanja wa ndege, nikamfunga mtoto shali shingoni ambayo aliivua kabla hajafika kwenye mashine za ukaguzi.

Walinipigia asubuhi, mimi niko kazini. Nikatoka nje kwenye maegesho, jua kali.

"Mama. Nimempata."

"Uko salama?"

"Niko salama. Nilikaa sana. Walikuwa wengi, mmoja akabaki nyuma. Nikavuta nusu. Akaenda hatua chache, akaanguka." Nilisikia upepo kwenye simu. "Nilimshika masikio, Mama. Yalikuwa bado ya moto."

"Ulilia?"

"Kidogo. Khaala pia."

"Na bega?"

"Bega gani?" akasema, na ndipo nilipojua kwamba hata hakuisikia bunduki.

Nikamuuliza kama amemwambia baba yake. Amemtumia picha, alisema. Na yeye kasemaje? "Katuma dole gumba." Hakulalamika. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. Nikabaki kwenye maegesho na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata.

Idi ilipokuja nilimpeleka mtoto kwa bibi yake mzaa baba, maana mama yule sina ugomvi naye na ananipenda. Nyumba ilikuwa imejaa. Nilikuwa jikoni na Khaala tunapanga sahani za pilau kwenye sinia, mlango wa ukumbini uko wazi, na tukasikia sauti ya baba mtoto imekwea juu ya sauti nyengine zote.

"Mimi," alikuwa akimwambia mjomba wake, "ndiye niliyemnunulia huyu bunduki yake ya kwanza. Nikamwambia, mamaa, ndogo, ya risasi moja, ujifunze adabu ya kupiga. Risasi moja, swala chini! Muulizeni."

Nikaweka mwiko chini. Kutoka pale niliposimama nilimwona binti yangu. Alikuwa amekaa pembeni ya baba yake na nguo mpya ya Idi, mkono wa baba begani kwake, bega la kushoto. Watu wote walikuwa wanamtazama, wakimngoja. Nilitaka aseme. Nilitaka kwa nguvu zote aseme neno moja, amtaje huyu mwanamke aliyesimama hapa na kijiko cha kachumbari, na basi.

"Ndio," binti yangu alisema. "Risasi moja."

Watu wakamshangilia. Nilimgeukia Khaala, kichwa kinanichemka. "Umemsikia? Umemsikia anavyosema?"

"Nimemsikia, dada. Mwache."

"Nimwache mpaka lini?"

Akacheka, akaniongezea sahani mbili mkononi. Mimi sikucheka. Nikazibeba nikaingia nazo ukumbini, nikamwandalia na baba mtoto pilau kama wengine, na nyama sikumchagulia nzuri.